Bega la Mkandarasi Shaweji

Ipo nchi moja ambayo jina lake halitajwi. Si kwa woga. Ni kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufungwa kila inapokaribia kufunguliwa. Nchi yenyewe nzuri. Ina mito, ina milima, ina mawaziri wanene kama inavyotakiwa, na kila kitu ndani yake kimewekewa bima isipokuwa watu. Watu walionekana ni wengi, na kitu kilicho kingi, alieleza waziri mmoja wa huko huku anatafuna, hakipotei hata kikipotea.

Mkuu wa nchi hiyo aliitwa Mlezi. Zamani wananchi ndio waliomlea, wakamnenepesha kwa kura na makofi. Alipokomaa akasema sasa ni zamu yake kuwalea wao, na tangu siku hiyo akawa anawalaza mapema.

Basi katika nchi hiyo aliishi mkandarasi mmoja aliyeitwa Shaweji, mtu wa makamo, mwenye kitambi cha heshima na viatu vyenye saruji iliyogoma kutoka. Alikuwa amejenga vyoo vya soko, ukuta wa makaburi na stendi ya mabasi, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuanguka. Jambo hilo lilimpa sifa kwa wananchi na mashaka wizarani, maana jengo lisiloanguka halina tenda ya pili. Lakini safari hiyo wizara ilitafuta mkandarasi mwenye jina safi, na jina safi huko ni kama shuka jeupe: ukiona linatafutwa, ujue kuna cha kufunikwa. Shaweji hakulijua hilo. Alipopewa kazi ya kujenga Wodi ya Wazazi ya Mlezi, alichinja jogoo.

Siku ya kuweka jiwe la msingi, Waziri wa Kuta na Mapaa alihutubia mpaka kivuli cha jukwaa kikahama upande.

"Ndugu wananchi," alisema, "wapo wanaosema jengo hujengwa kwa mawe. Hayo ni mawazo ya kikoloni. Jengo hujengwa kwa msimamo. Na aliyeijenga wodi hii, hata kabla haijajengwa, ni Mlezi peke yake. Sisi wengine tunashika beleshi tu."

Kisha akashuka, akamwendea Shaweji, akaweka mkono juu ya bega lake la kushoto, akauacha pale kidogo kama mtu anayepima homa ya mgonjwa. Pembeni alisimama mtu mwembamba mwenye suti ya kahawia na mwavuli mweusi, na mvua haikuwapo. Mtu huyo akakohoa, akasema kwa sauti ya chini, "Nimeona."

Shaweji alirudi nyumbani anatembea kwa kuinamia upande mmoja, asije akaukung'uta ule utukufu.

"Waziri kanishika bega leo," akamwambia mkewe, Mwanaheri, aliyekuwa anachoma vitumbua uani.

"Kakushika au kakuegemea?"

"Kanishika. Kwa mapenzi. Mbele ya watu."

Mwanaheri akageuza kitumbua. "Mbuzi wa sikukuu naye hushikwashikwa sana ile wiki. Na kila anayemshika hutabasamu."

*

Nondo zilikuja zikiwa nyembamba kiasi kwamba kijakazi wa nyumba ya pili aliomba moja ya kuanikia nguo. Shaweji akaenda kwa Bwana Thamani, muuza nondo wa serikali, mtu aliyenukia uturi na aliyekuwa na kikohozi cha kitajiri.

"Bwana Thamani, mimi niliagiziwa nondo nene. Hizi zilizokuja zinapinda kunguru akitua."

"Ndugu yangu Shaweji," alisema Thamani, "nondo nene ni ushamba. Dunia ya leo inapunguza kila kitu. Simu zimekuwa nyembamba, wake wanafunga kula, wewe unang'ang'ania unene wa chuma. Au unaitilia shaka nchi?"

Swali hilo huko halijibiwi, hunyamaziwa. Bwana Thamani akasimama, akazunguka meza, akamwekea mkono begani. Mlangoni, kumbe, alikuwapo yule wa suti ya kahawia na mwavuli wake. "Nimeona," akasema, akaondoka.

Injinia Mkuu naye alikuja kukagua. Alikagua kutoka ndani ya gari, vioo vikiwa vimepandishwa kwa sababu ya vumbi, na gari lenyewe halikusimama. Lilipunguza mwendo tu. Akatangaza kuwa kazi ni nzuri kwa niaba ya macho yake. Lilipofika usawa wa Shaweji, kioo kikashuka, mkono ukatoka, ukatua begani kwa mkandarasi, ukarudi ndani, kioo kikapanda. Nyuma ya lundo la kokoto kikasikika kikohozi.

Shaweji akaanza kujiuliza kwa nini watu wakubwa wanampenda hivi, na kwa nini mapenzi hayo yanamwacha na baridi.

*

Zege la juu likamwagwa. Ilipikwa pilau kama kawaida ya siku ya zege, mafundi wakala, wakacheka, lakini fundi mkuu, Chande, hakucheka. Chande na Shaweji walianza kazi pamoja wakiwa vijana, wakibeba ndoo moja ya zege kwa mikono miwili, mmoja wa huyu na mmoja wa huyu. Baadaye mmoja akanunua kalamu akawa mkandarasi, mwingine akabaki na mwiko wake, na hakuna aliyemwonea mwenzake kijicho.

Chande alitembea chini ya lile zege, katikati ya mirunda, zile nguzo za miti zinazolishikilia mpaka likauke. Akagonga hapa, akagonga pale.

"Unasikia?" akauliza.

"Nasikia."

"Linalia kama debe. Hili zege, Shaweji, limekaa juu kwa heshima ya mirunda. Siku ukiitoa, litakumbuka kuwa ni zito."

Na mafundi wa nchi hiyo wana desturi moja, wameipokea kwa wakubwa wao: siku ya kutoa mirunda, aliyejenga husimama chini ya zege. Hakai pembeni, hatumi mtu. Husimama katikati, na wenzake wanang'oa nguzo moja baada ya moja mpaka nyumba ibaki peke yake. Likisimama, ndipo analipwa heshima yake. Shaweji na Chande walikuwa wamesimama pamoja chini ya kila zege walilowahi kumwaga, wakila muhogo wa kuchoma, ili Mwenyezi Mungu aone kuwa hawana wasiwasi.

"Safari hii," alisema Chande, "muhogo hautatosha."

*

Wizara ikaleta agizo: ni marufuku mkandarasi kutoa mirunda kabla hajajichagulia bima iliyo sahihi. Shaweji akavaa koti, akaenda Shirika la Bima.

Shirika hilo lilikuwa na pesa kuliko benki, lakini ofisi yake ilikuwa hema, katikati ya uwanja mpana, mbali na ukuta wowote. Watu wa bima wanajua mambo. Ndani alikaa Bi Safura, mama mmoja mpole mwenye miwani, aliyezungumza kama anayembembeleza mtoto anywe dawa.

"Karibu, baba. Tunazo bima za kila aina. Tuanze na Bima ya Jengo?"

"Ndiyo hasa niliyoifuata. Jengo likianguka nalipwa?"

"Hapana, baba. Jengo ni kitu kilichosimama. Kikianguka kinaitwa kifusi, na sisi bima ya kifusi hatuna."

"Sasa mnalipa lini?"

"Likiwa limesimama. Lakini likiwa limesimama huna hasara, kwa hiyo hatulipi."

Shaweji akafuta jasho. "Basi ya mafundi. Fundi akiangukiwa?"

"Bima ya Wafanyakazi ni nzuri sana. Inamlinda mfanyakazi wakati wote awapo kazini. Sasa fundi akifa, hapo anakuwa ameacha kazi bila kutoa taarifa. Kwa kawaida familia inatozwa faini, lakini wewe una sura ya huruma, nitawaombea."

"Mama, kuna bima yoyote hapa iliyowahi kumfaa mtu?"

Bi Safura akavua miwani. Akatazama nje ya hema, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza akawa kama mtu anayesema anachokijua.

"Ipo. Bima ya Lawama. Wakubwa wote wanayo. Jengo likianguka, baba, kitu cha hatari si tofali. Tofali linaua waliomo ndani tu. Lawama inatoka nje, inatembea, inagonga milango. Kwa hiyo mapema, kabla jengo halijaanguka, unamchagua mtu wa kuibeba. Huandiki chochote, maandishi yana usumbufu. Unamwekea mkono begani mbele ya Shahidi wetu. Imekwisha. Siku ya siku, mwenye bega la mwisho ndiye aliyeangusha. Hakuna kesi, hakuna wakili. Huchukuliwa asubuhi, kabla ya chai."

Pembeni ya hema mtu alikuwa anakunywa chai yake. Suti ya kahawia. Mwavuli ameulaza magotini kama mtoto.

"Huyu ndiye Bwana Shahidi," alisema Bi Safura.

"Tumeshaonana," alisema Bwana Shahidi, bila ubaya. "Bega lako la kushoto nalifahamu kuliko mkeo."

Shaweji akaliangalia bega lake kama mtu aliyeonyeshwa nyoka kwenye nguo. Mkono wa Waziri. Mkono wa Thamani. Mkono uliotoka kwenye gari.

"Usifadhaike," alisema Bi Safura. "Na wewe una haki yako. Mguse mwingine. Lawama ni kama maji, huteremka. Una fundi? Kila mkandarasi ana fundi."

"Na ikipanda?"

"Ikipanda nini?"

"Lawama. Ikipanda juu."

Bi Safura akacheka kidogo, akaona mwenzake hacheki, akaacha. "Haijawahi, baba. Sheria haikuikataza, lakini sheria haikumkataza mtu kuruka kama kunguru vilevile."

*

Habari za bega husafiri. Shaweji alipopita mtaani, muuza kahawa alikataa kulipwa. Kinyozi alimnyoa kwa upole mwingi, kama anayenyoa maiti ya mkwe. Barazani kwa jirani akasikia mtu anasema, "Shaweji alikuwa mtu mwema sana."

"Bado nipo," akasema Shaweji.

"Tunajua, bwana. Tunajizoeza tu."

Nyumbani alimkuta mgeni mwenye sare, amekaa kwenye mkeka, kofia mkononi. Ni mpishi wa gereza kuu. Aliinuka kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Nimepita mara moja kuuliza, unapenda dona au sembe?"

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Mimi napenda kujua watu wangu mapema. Maharage yanakuletea kiungulia? Na wodi yenu inafunguliwa lini, maana kuna chumba tunakipaka chokaa."

Mwanaheri akatoka jikoni na mwiko. "Mwandikie kwamba anakula vyote," akasema, "ila anakula hapa." Mpishi akachukua kitumbua kimoja, akashukuru, akaondoka. Wakamsikia njiani anauliza kwa jirani kama Shaweji hukoroma.

Mwanaheri akakaa chini. Hakufanya mzaha tena jioni ile, na hilo ndilo lililomtisha Shaweji kuliko mpishi.

"Baba Riziki," akasema baadaye, "kuna njia gani?"

"Kumgusa Chande."

Mwanaheri akakunja upindo wa kanga, akaukunjua. Mkewe Chande na yeye walikuwa wamezalishana: huyu akishikwa na uchungu, yule ndiye mkunga.

"Basi njia hakuna," akasema.

*

Kesho yake Chande alimkuta Shaweji kwenye ngazi za wodi. Akakaa naye, wakatazama mirunda iliyosongamana mle ndani kama msitu uliopotea njia.

"Nimesikia ulikwenda hemani," akasema Chande.

"Nilikwenda."

"Basi gusa."

"Nini?"

"Bega, bwana, nini kingine. Lipo hapa. Limebeba zege miaka yote hiyo, halitashindwa na maneno ya watu." Akaliinamisha, kama mtu anayempa mwenzake amtwishe mzigo. Nyuma ya lundo la mchanga, ncha ya mwavuli mweusi ikachomoza.

Shaweji alinyanyua mkono. Isidhaniwe kuwa hakuunyanyua. Ulipanda wenyewe, ukafika nusu ya njia, na vidole vikawa vimeshafunguka. Chande alikuwa amefumba macho, na kope zake zilikuwa na vumbi la saruji, kama za kila siku. Mkono ukasimama hewani, ukatafuta la kufanya, mwishowe ukaenda ukakuna kichwa cha mwenyewe.

Nyuma ya mchanga mtu akaguna kwa kukata tamaa.

"Mjinga wewe," alisema Chande, akafumbua macho. "Mimi wananijua gerezani, nilijenga jiko lao."

"Una watoto wadogo."

"Na wewe una mke mkali. Tumelingana." Wakacheka kidogo. Kisha Chande akaacha kucheka. "Wiki ijayo wanamleta Mlezi kufungua. Baada yake wanaleta wazazi, Shaweji. Vitanda vimeshafika. Nimeviona, vyeupe, na vya watoto vidogo pembeni."

"Tukitoa mirunda, linachukua muda gani?"

"Ukimimina chai, litaanguka kabla haijapoa."

Shaweji akakaa akiyatazama yale maneno. Halafu akauliza, kama anayeuliza habari za hali ya hewa, "Waziri alisema nani aliyejenga wodi hii?"

*

Siku ya ufunguzi mirunda ilikuwa bado imesimama, kwa kuwa mkandarasi hakuwa amejichagulia bima. Waziri akaamuru ivishwe bendera. Ilivishwa, ikapendeza, wodi ikawa kama gwaride la watu wembamba wasio na vichwa.

"Mguse yule fundi wako sasa hivi," Waziri alimnong'oneza Shaweji, akitabasamu kwa ajili ya wapiga picha. "Unatuchelewesha. Sisi wote tumeshamaliza mambo yetu, bado wewe."

"Nitagusa, Mheshimiwa. Leo hii."

Mlezi akawasili. Kumbe alikuwa mzee mdogo, mkavu, mwenye kofia kubwa na macho ya mtu ambaye miaka mingi hajaambiwa jambo lolote. Watu walimzunguka kwa mbali, kama moto. Waziri akapanda jukwaani.

"Mtukufu Mlezi! Hapa hakuna mkandarasi. Hapa hakuna fundi. Kila tofali unaloliona umeliweka wewe. Aliyejenga ni wewe, peke yako, kwa mikono yako."

Makofi yakapigwa mpaka yakachoka. Mlezi akaisogelea wodi, akachungulia ndani.

"Miti hii ya nini?" akauliza.

Waziri akafungua mdomo, lakini Shaweji alikuwa ameshapiga hatua.

"Mirunda, Mtukufu. Inatolewa leo. Na desturi ya mafundi wa nchi yako, siku ya kuitoa, aliyejenga husimama chini katikati. Tumesikia sote aliyejenga ni nani. Sisi vibarua wako tutasimama nawe, tukupe heshima."

Mlezi alipenda desturi, hasa zilizomhusu. Akaingia. Shaweji akaingia upande wa kulia, Chande upande wa kushoto na nyundo yake. Waziri, Injinia Mkuu na Bwana Thamani walibaki mlangoni, wameganda kama sanamu. Walipofika katikati, Shaweji akanyoosha mkono, akauweka juu ya bega la Mlezi, akauacha pale.

Bega lenyewe lilikuwa dogo, la mfupa, kama la babu yeyote.

Mlangoni Bwana Shahidi alikohoa. Ilikuwa mazoea, mtu aliyefanya kazi moja maisha yake yote, ulimi wake haumsubiri. "Nimeona," akasema, halafu akajishika mdomo kwa mikono yote miwili na mwavuli ukaanguka.

Mlezi akageuka polepole. Mara ya mwisho kuguswa na mtu alikuwa bado anavaa kaptula. "Ana nini huyu?" akauliza.

"Mapenzi, Mtukufu," alisema Waziri kutoka mlangoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama.

"Vizuri. Basi toeni miti."

Hakuna aliyesema kitu. Kusema ni kukiri zege ni bovu. Kunyamaza ni kumzika Mlezi na bendera zake. Chande akatazamana na Shaweji. Akaugonga mrunda wa kwanza kwenye kitako. Ukalegea, ukaanguka, bendera ikaukumbatia chini.

Huko juu kitu kikalia, si kwa nguvu. Kama mzee anayegeuka kitandani.

Chande akaenda kwenye mrunda wa pili, akaugonga. Safari hii vumbi jeupe likateremka taratibu, likatua kwenye kofia ya Mlezi, na kwenye kipara cha Shaweji, na kwenye kope za Chande. Ufa mmoja mwembamba ukatembea darini kutoka ukuta hadi ukuta, bila haraka, kama mtu anayekwenda sokoni.

Chande akainua nyundo kwa mrunda wa tatu. Shaweji hakumzuia. Alikuwa ametoa kipande cha muhogo mfukoni, anakimenya.

Bwana Thamani ndiye aliyeanguka kabla ya zege. "Nondo," akalia, "Mtukufu, nondo zile ni nyuzi, toka, toka hapo."

"Mimi nilikagua kwa niaba ya macho yangu," akasema Injinia Mkuu, "macho yenyewe hayakuwapo." Waziri akaanza kusema jambo kuhusu ukoloni, akalisahau katikati.

*

Mlezi alitolewa. Akakalishwa uwanjani, mbali na kuta, akaletewa Bi Safura amweleze sheria aliyoitia sahihi mwenyewe siku moja baada ya chakula. Bi Safura alimweleza kwa upole uleule wa dawa ya mtoto.

"Kwa hiyo likianguka, lawama ipo wapi?" akauliza Mlezi.

"Begani, Mtukufu."

"Kwa nani?"

Bi Safura akavitazama viatu vyake.

"Ifuteni hiyo sheria."

"Haiwezekani, Mtukufu," alisema Waziri. "Wewe hujawahi kukosea. Tukiifuta tutakuwa tumesema umekosea, na kusema hivyo ni kosa ulilolitungia kifungo."

"Libomoeni jengo."

"Kubomoa ni kuanguka kwa ruhusa. Lawama ni ileile."

"Na huyu aliyenigusa, nikimnyonga?"

"Mgusaji akifa, bega halioshwi," alisema Bwana Shahidi kwa huzuni. "Tena ndiye anayejua mirunda ipi inabeba wapi."

Mlezi akafikiri. Hakuwa mjinga, alikuwa hajasumbuliwa tu. Taratibu akasimama, akainua mkono wake wa kulia, akaufungua, akaanza kutembea kumwelekea Waziri. Waziri akarudi nyuma, mabega yamepanda mpaka masikioni. Mkono ukamgeukia Injinia Mkuu. Naye alikuwa ameshaingia garini, vioo vimepanda. Bwana Thamani akajilaza chali, mabega ameyazika mchangani. Ukaenda kwa walinzi, walinzi wakapanga mstari, mstari ukawa unasogea nyuma kwa nidhamu. Ukaenda kwa wananchi, nao, maelfu kwa maelfu, wakafungua njia pana, kila mmoja anajifunika kanga, shuka, gunia, kilichopatikana. Bwana Shahidi alifuata nyuma na mwavuli, tayari.

Hakupata bega hata moja. Akaenda nyumbani na mkono wake juu.

*

Mirunda imebaki. Serikali ilitangaza kuwa ndiyo nguzo za taifa, na magazeti yakaandika kuwa wodi imejaa. Haina mtu. Kina mama wanazalia katika banda la zamani la mabati, ambalo halina bima yoyote na halijawahi kuonyesha nia ya kuanguka. Vile vitanda vyeupe vilihamishiwa huko alfajiri moja, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyevihamisha.

Shaweji na Chande ndio walinzi wa msitu ule. Kila asubuhi wanaingia, wanagonga mrunda mmoja mmoja, uliooza wanaubadilisha. Wanapewa mshahara mzuri, na hakuna anayewagusa. Lakini miti ni miti. Chande akiweka sikio kwenye nguzo, anasikia ndani yake kitu kidogo kinatafuna, kra, kra, kra, usiku na mchana, bila likizo. Mchwa hawasomi magazeti. Hawajui zipi ni nguzo za taifa na upi ni mti wa kawaida.

"Imebaki mingapi mizima?" huuliza Shaweji.

"Usiulize. Kula muhogo."

Na Mlezi, siku hizi, husafiri sana. Hakuna wilaya asiyoitembelea, hakuna soko, hakuna shule. Hupita ndani ya gari lisilo na paa, amesimama, mkono wa kulia juu, kiganja wazi. Picha hiyo imewekwa kwenye noti, imechongwa sanamu, imepakwa ukutani kwenye kila ofisi. Nyuma yake, kwenye kiti cha nyuma, hukaa mtu mmoja mwembamba, mwavuli magotini.

Watoto wa nchi hiyo huambiwa kuwa anawapungia, nao humpungia. Mama zao huwavuta mkono, huwarudisha hatua tatu nyuma, halafu wanajitanda kanga vizuri, mpaka shingoni.